Kidonda Kisichotazamwa

Kuna mahali mwilini mwangu ambapo sikuwahi kupaona hadi nilipozaa, na hata baada ya kuzaa nilipaona kwa kioo cha kupakia poda, nusunusu, huku nimefumba jicho moja. Nasema hivi kwa kuwa watu wakisikia kwamba nilikaribia kuharibika kwa kidonda cha uzazi hapa hapa Lubumbashi, penye hospitali na madaktari, huniuliza: sasa weye haukuona? Hapana, sikuona. Nilikuwa mke wa mtu, mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha watoto viungo vya mwili: kichwa, mabega, tumbo, magoti. Tumbo, kisha magoti, kana kwamba katikati hakuna kitu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mkubwa wa kichwa. Maternité, pale hospitali ya wazazi, walinichana kidogo ili apite, kisha wakanishona. Nililia wakati wa kushonwa, sikatai, nililia kama mbuzi. Muuguzi hakuinua hata uso. Akasema kwa sauti ya kutosha chumba kizima: "Wakati wa kumutengeneza haukulia, sasa unalilia nini?" Wenzangu kwenye vitanda vyao wakacheka, na mmoja wao ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulia kunishinda mimi. Waliponiruhusu kwenda nyumbani, waliniambia nirudi wanitazame nyuzi. Nikajibu ndiyo, mama, aksanti, mama. Moyoni nikasema: mtanisubiri sana. Miguu yangu haitafunguka tena mbele ya mwanamke yule, hata Yesu arudi.

Na kwa nini nirudi, wakati mama yangu alikuwa anakuja kutoka Kambove na kopo lake?

Mama alikuwa na mafuta yake. Kambove nzima, tangu mimi mtoto, mwanamke akizaa akachanika, ndugu zake walikuja kubisha kwetu. Wake za wachimbaji, wake za makarani, hata mke wa mchungaji, ambaye alipitia mlango wa nyuma kwa kuwa mumewe alikuwa akihubiri dhidi ya majani. Mama alichuma majani machungu ya kilulukunja, machipukizi ya mpera na ganda la mti mmoja wa porini ambao hakuwahi kunionyesha. Alivikausha kivulini, akavitwanga, akavichemsha polepole juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ndani ya mafuta meusi ya mbegu za ngazi, yaani mchikichi. Kisha alichuja kwa kitambaa kikuukuu kilichochemshwa. Akichuja mara ya kwanza, anainua kitambaa kwenye mwanga, anatazama. Akichuja mara ya pili, anatazama tena. Mwisho anatia kipande cha nta, na ule uji mweusi unaganda, laini, wa kuteleza kidoleni. "Kama inakwaruza, si dawa," alikuwa akisema. "Iko mchanga."

Basi mama akafika kwetu, mtaa wa Makomeno, na furushi lake kichwani, na nyumba yetu ikawa ndogo ghafla. Ilikuwa na sebule na chumba cha kulala, basi, na pazia katikati. Na ndani ya vyumba hivyo viwili walipaswa kuishi mama yangu na mume wangu bila kuonana.

Asiyejua bukwe atadhani natia chumvi. Kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali wakionana, hawaitani kwa majina, wala hawasemezani uso kwa uso. Si chuki, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokimbiana. Mume wangu ni mtoto wa Wakasai waliozaliwa hapa, na kwao pia heshima hiyo ipo, tena kali kuliko yetu. Kulikuwa na njia ya kuifungua: upande wa mume wangu ulete mbuzi, chakula kiliwe pamoja, mama aseme maneno yake, kisha watazamane kama watu. Lakini mbuzi yule alikuwa wa mwaka ujao tangu mwaka tuliooana. Mara kuna msiba, mara shangazi yake amesafiri, mara biashara ya vipuri imelala. Mama hakulalamika. Aliendelea kuinamisha kichwa.

Ungewaona ungecheka. Mume wangu alikuwa anakohoa tangu kwenye geti la lupango, ua wetu, kikohozi cha uongo, kirefu, hadi jirani akamuuliza kama amepata kifua. Mama akisikia kile kikohozi anaingia chumbani, na kama hawezi kuwahi anageukia ukuta. Siku moja walikutana kwenye kona ya choo, yeye ana ndoo ya maji, mama ana nepi. Mume wangu aligeuka kwa kasi hadi maji yote yakamwagikia suruali, akarudi alikotoka. Mimi nilikuwa mdomo wao. "Mwambie ba mukwe chakula iko tayari." "Mwambie mama aksanti." Wote wawili wako umbali wa pazia, wote wawili wanasikiana vizuri kabisa, na mimi katikati narudia kama redio.

Sasa, kwenye kidonda.

Mama alinikalisha asubuhi na jioni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kisha nalala kitandani, kitenge kimefunika magoti, naye anachota mafuta kwa kidole na kunipaka. Haya iliyokuwa ikinishika sina jinsi ya kuieleza. Ni mama yangu, aliyeniogesha mimi mwenyewe, lakini nilitamani kitanda kinimeze. Kitu kimoja tu kiliniokoa: mama hakuwa ananitazama. Mkono wake ulikuwa unafanya kazi pale chini, na uso wake umeelekea dirishani, kwenye mwanga, macho yametulia mbali. Nikasema moyoni, tazama adabu ya watu wa zamani. Anajua ninavyoona haya, ananisitiri. Nilimshukuru Mungu kwa mama wa namna hiyo. Kweli kabisa, nilisali nikishukuru.

Kulikuwa na mambo mengine na sikuyatilia maanani. Alimvisha mtoto soksi mkononi. Alimimina chai pembeni ya kikombe, na nilipopiga kelele akacheka, akasema amechoka na safari. Akitafuta kijiko alikuwa anapapasa meza nzima. Nilifikiri ni uzee, na uzee nao tunautaniatania, ndivyo tulivyo.

Kisha dawa ikawa inaisha haraka. "Mwambie ba mukwe balete tena majani," mama alikuwa anasema. Mume wangu akaenda sokoni kwa yule mwanamke anayeleta majani kutoka barabara ya Kasomeno, akarudi na mafungu makubwa kama mtu anayelisha ng'ombe. Baada ya muda mfupi: "Mwambie balete tena." Analeta tena. Maskini, alikuwa na furaha. Hakuwa na kazi nyingine katika mambo yale ya wanawake, kwa hiyo kila fungu alilileta kifua mbele, akaliweka kwenye kizingiti na kukohoa. Nilidhani dawa ikiwa nyingi, kupona ndiko kunakuja. Kumbe mama alikuwa anapaka zaidi kwa sababu vidole vyake vilimwambia kidonda hakijifungi. Lakini angemwambiaje mkwe neno kama hilo? Na mimi hakutaka kuniogopesha. Basi akasema majani, majani, na sote watatu tukawa tunashughulika na majani.

Ile dawa ilinikwaruza. Sitasema uongo, nilisikia tangu mwanzo. Mama akipaka, kulikuwa na vitu vidogo vidogo vinavyosugua, na niking'ata meno anasema, "Vumilia, mwanangu, inakamata." Nilikuwa na mdomo wa kugombana na muuza nyanya hadi akanipa ya ziada, lakini mdomo huo huo haukuweza kumwambia mama yangu mzazi: pale, pale panauma namna hii. Kwa neno gani? Sikuwa na neno. Ndipo nilipochukua kile kioo cha poda. Niliona kitu chekundu na cheusi, nikakitupa kioo kitandani kama kimeniunguza. Sikujua kama ndivyo kinavyopaswa kuwa. Sikuwahi kujua palikuwaje kabla.

Homa ilinishika mchana, nikimnyonyesha mtoto. Meno yakaanza kugongana na jua liko kali nje. Na harufu. Wee, harufu ile. Nilifikiri ni nepi, nikaigeuza nepi, ni safi. Nikafikiri ni panya amekufa chini ya kitanda. Nikainama kutazama chini ya kitanda, ndipo nilipoelewa kwamba ni mimi.

"Mama," nikasema, "njoo uangalie. Angalia bien."

Alikuja, akakaa kitandani, akainua kitenge. Akageuza uso dirishani kama kawaida yake.

"Mama, si kule! Angalia hapa!"

Akashusha kitenge. Kisha mikono yake yote miwili akaiweka magotini mwake, mafuta meusi bado yako kidoleni, yakachafua kitenge chake kizuri.

"Miye sioni, mwanangu."

"Hauoni nini?"

"Sioni. Tangu mvua ya mwaka jana. Naona mwanga ya dirisha, basi. Nakupaka na vidole."

Nilitaka kupiga kelele. Hasira ilinipanda hadi masikioni, nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alipanda gari peke yake kuja mjini, kwa nini alichemsha, alichuja, alinipaka. Akajibu kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Bantu bakijua, nani atanipa tena kidonda yake? Nitakuwa nani kule?" Alikuwa anaona haya mbele yangu mimi, mtoto wake, kama mtu aliyekamatwa akiiba. Hasira yangu ikafa pale pale, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira.

Tukaanza kutafuta macho. Mama akasema nimwite jirani wa mlango wa pili. Nikasema huyo hapana, kabla sijavaa kitenge habari itakuwa imefika sokoni. Wifi yangu? Hapana, angewapigia ndugu zao wote Mbuji-Mayi. Turudi maternité? Nikasema bora nife, na nilisema kweli, nilikuwa mjinga kiasi hicho. Nilikuwa tayari kumwacha mtoto mchanga bila mama ili muuguzi asinicheke.

Nje ya pazia, sebuleni, mume wangu alikuwa amekuja kula bukari, ugali wake wa mchana. Tulimsikia akitafuna. Mama naye alisikia. Akainua kichwa.

"Muite bwana yako."

"Mama, utatoka kwanza?"

"Nikitoka, ataangalia nini? Hajui ya kuangalia. Mimi njo najua ya kuuliza." Na kabla sijamjibu, akapaza sauti, yeye mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwangu: "Ba mukwe! Muingie!"

Kutafuna kulikoma. Naapa, hata mbabula uani ulinyamaza. Nikamwona mume wangu kwa chini ya pazia, viatu vyake vimesimama, vinageuka kwenda mlangoni, vinarudi.

"Muingie, ba mukwe. Mwanangu anaungua."

Aliingia kinyumenyume. Mwanaume mzima, mwenye duka, anaingia chumbani kwake mwenyewe kwa mgongo, mikono bado ina bukari. Mama aligeukia ukuta, mgongo kwake. Mimi nikachukua shali ya mtoto nikajifunika uso. Nilisikia magoti ya mume wangu yakilia aliposhuka kando ya kitanda, kisha kitenge kikainuliwa, na upepo.

"Iko na rangi gani?" mama akauliza ukuta.

Mume wangu akakohoa.

"Ba mukwe, iko na rangi gani?"

"Nyekundu… mama."

"Nyekundu ya nyama, ao nyekundu ya kuungua?"

"Ya kuungua."

"Kuna cheupe?"

"Iko. Na… kijani kidogo."

"Midomo yake imeshikana?"

Hapo nilipiga kelele ndani ya shali. "Mumalize! Mumalize basi, jamani!" Wale watu wawili, ambao hawakuwahi hata kusalimiana ana kwa ana, salamu yao ya kwanza duniani ilikuwa juu ya mwili wangu, pale, mchana kweupe. Nimewahi kuaibika maishani, nimeanguka kanisani na sketi ikapanda, lakini sijawahi kuona haya kama ile. Machozi yalikuwa yananiingia masikioni.

"Chini imeshikana," mume wangu akasema. "Juu imefunguka. Na mule ndani kuna vitu. Vyeusi. Vidogo vidogo, sawa michanga."

Nilishusha shali kidogo nikamwona mama ameweka paji la uso ukutani.

"Ni maganda," akasema. "Sikuchuja bien. Niliinua kitambaa ku mwanga, nikasema iko safi." Akavuta pumzi. "Mumupeleke hopital. Sasa. Musingoje hata nguo."

Tulikwenda kituo cha afya kingine, kidogo, karibu na barabara kuu, kwa sababu hata wakati ule, na homa yote ile, nilikataa kurudi kwa yule wa kwanza. Mama aling'ang'ania kuja. Alishika ncha ya kitenge changu tangu kwenye teksi hadi ndani, na watu wakafikiri mama ananiegemeza. Wapi. Mimi mgonjwa ndiye niliyekuwa namwongoza. Tulimkalisha kwenye benchi pamoja na wanawake wengine waliokuja na matumbo yao na watoto wao, na mimi nikaingia nyuma ya pazia. Mume wangu akasimama pale pale pazia linapoishia, mtoto mkononi, mkoba wa nepi begani.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake haikuwa mibaya. Lakini aliposafisha na kuona vile vipande vyeusi vinatoka na usaha, sauti ilimpanda.

"Aah, non! Nani alikupakaa hii? Nani? Ulitaka damu ioze?"

Benchi lote likatega sikio. Pazia ni kitambaa tu. Nilijua mama anasikia, na nilijua kwamba kati ya wanawake wale lazima yupo mmoja mwenye dada au shemeji Kambove, kwa kuwa hapa mjini yupo daima. Neno langu moja tu, na jina la mama limekwisha. Nikafungua mdomo nikitafuta uongo, na homa ilikuwa imekula uongo wote.

"Ni miye," mume wangu akasema.

Muuguzi akageuka. "Weye?"

"Miye. Nilisikia watu banasema majani ni muzuri. Nikachemsha, nikamupaka."

"Weye mwanaume? Ukamupaka bibi yako, kule?"

"Ndiyo, mama."

Benchi likapasuka. Mwanamke mmoja alicheka hadi akashika tumbo lake la mimba, akaomba msaada. "Papa munganga!" "Njoo na kwangu, papa!" "Wakasai banajua mambo mengi!" Muuguzi akamsema, akamsema tena, kwamba ni mjinga, kwamba angemuua mama wa mtoto wake, kwamba mwanaume mwenye akili hapeleki mikono pasipomhusu. Yeye alikuwa anajibu ndiyo, mama, ndiyo, mama, mtoto mkononi, jasho likimtiririka shingoni. Nilimwona mama kwenye upenyo wa pazia. Kichwa chake kilikuwa kimeinama hadi kidevu kimegusa kifua, na mikono yake ameificha chini ya kitenge, mikono ile.

Walinichoma sindano, wakanisafisha kila siku, na polepole nilipona. Yule muuguzi alimtazama mama macho siku moja akatutuma kwa daktari wa macho. Daktari akasema kilichokwenda hakirudi. Mama akasema aksanti, kama mtu aliyeambiwa saa.

Nyumbani hakuna aliyetaja neno lolote. Mume wangu alirudia kikohozi chake getini, mama akarudia ukuta wake. Pale sokoni wanaume walikuwa bado wanamwita papa munganga, maana maneno hayana miguu lakini yanafika, naye alikuwa anajibu salamu hiyo bila kujitetea. Kila aliporudi na uso wake ule wa kuchokozwa mchana kutwa, nilikuwa nainama kwenye sufuria ili tusitazamane.

Siku moja kabla mama hajarudi Kambove, alikuwa amekaa uani akimpaka mtoto mafuta ya dukani. Kikohozi kikasikika getini. Nikangoja mama aingie ndani au ageuke. Hakugeuka. Alikaa vile vile, uso umeelekea kikohozi kinakotoka, macho wazi. Mume wangu akamwona amemwelekea namna ile, akashtuka, akapita mbio kwa upande wa choo.

"Bwana yako," mama akaniuliza, "sura yake iko namna gani?"

Nikaanza kucheka. "Mama! Si unamjua?"

"Namujua viatu," akasema. "Viatu tu njo niliangaliaka. Miaka yote hii."

Nikaacha kucheka. Nitamweleza mama yangu sura ya mwanaume wangu, nianzie wapi? Haya ikanipanda usoni, joto, kama msichana aliyekutwa uchochoroni. Nikasema ni mweusi wa kiasi. Nikasema ana pengo hapa mbele, anaficha akicheka. Nikasema masikio yake makubwa.

Mama alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, mkono umesimama mgongoni mwa mtoto.

"Ningejua," akasema, "ningemuchungulia. Hata mara moja tu, nikiwa na macho."